"Wote Wajapani tu": dhana potofu kuhusu filamu ya Evil Does Not Exist

Nikionyesha Evil Does Not Exist, filamu ya Ryusuke Hamaguchi ya mwaka 2023, mjadala haujakolea utasikia: "Nzuri, ila haina mchanganyiko. Wote Wajapani tu." Nimechoka nayo.

Anayesema hivyo amehesabu sura, watu hakuwatazama. Kampuni ya Tokyo inataka kujenga kambi ya kifahari ya watalii Mizubiki, kijiji cha milimani, na wanakijiji wanaitwa mkutanoni. Watazame waliokaa pale. Yupo mzee anayekumbusha kwamba yanayofanywa mtoni juu huwashukia walio chini. Yupo mama wa mgahawa wa udon (tambi nene za Kijapani), aliyehamia kutoka Tokyo, na mapishi yake yote yanategemea maji ya chemchemi. Yupo kijana aliyetia nywele rangi, hasira zinampandisha hadi inabidi azuiwe. Halafu yupo Takumi, baba anayelea binti yake peke yake na kuishi kwa vibarua vya hapa na pale.

Takumi ndiye anayetamka maneno ambayo karibu kila mtu huyapita: eneo lile lilifunguliwa kwa walowezi baada ya Vita vya Pili vya Dunia, naye ni kizazi cha tatu, kwa hiyo kila mtu pale ni mgeni kwa namna fulani. Mnanielewa? Hiyo "mila" mnayodhani inalindwa dhidi ya maendeleo haifiki hata miaka mia. Ugomvi ni wa wageni wa jana na wageni wa leo.

Hata waliotumwa na kampuni hawafanani. Takahashi aliwahi kuwa mwigizaji, Mayuzumi alikuwa mhudumu wa wazee. Mwanamke huyu anasikiliza, na inaonekana. Mshauri wa kampuni yeye huishia kwenye skrini ya kompyuta. Ushauri wangu, na sitaacha kuurudia: tazama tukio la mkutano mara mbili, ya pili bila kusoma maandishi ya tafsiri. Angalia nani anajibiwa na nani anapozwa tu.

Eti wanakijiji wanapinga maendeleo. Wapi? Wanauliza tangi la maji taka litakaa upande gani na kwa nini uwezo wake ni mdogo kuliko idadi ya wageni. Wanauliza nani atalinda usiku, mgeni akiwasha moto msituni. Haya ni maswali ya fundi. Kampuni ndiyo yenye haraka, maana ni wakala wa wasanii anayekimbiza ruzuku ya kipindi cha korona.

Eti Japani ni kabila moja. Hapana. Mwaka 1997 mahakama ya Sapporo iliamua kuwa ardhi ya Waainu, jamii ya asili ya kaskazini mwa Japani, ilitwaliwa kinyume cha sheria kwa ajili ya bwawa la Nibutani, ila bwawa lilikuwa limeshajengwa, likabaki. Sheria ya kuwatambua kama watu wa asili ilikuja 2019. Lakini hayo ni ya Hokkaido, kisiwa cha kaskazini. Usimdai Hamaguchi filamu ambayo hakuitengeneza.

Na wanaoniambia Takumi ni mkata kuni halisi aliyeokotwa kijijini: Hitoshi Omika, anayemwigiza, ni mtu wa filamu, alikuwa akifanya kazi nyuma ya kamera kabla ya kusogezwa mbele yake.