"Calumniate" si "calomnier": tunapokosea Kiingereza hapa Bukavu

Dhana potofu: "Calomnier", yaani kumsingizia mtu ili kumharibia jina, ni neno la kawaida kwa Kifaransa, basi "calumniate" nalo ni la kawaida kwa Kiingereza.

Ukweli: Hapo ndipo wengi wetu tunajikwaa. Maneno hayo ni ndugu, yote asili yake ni "calumnia" ya Kilatini, lakini hayakulelewa nyumba moja. La Kifaransa hata mwanafunzi wa sekondari analijua. La Kiingereza ni la vitabu na hotuba nzito. Watu hawagombani nalo.

Juzi mwanafunzi wangu wa jioni, mama anayeuza vitenge Nyawera, aliandika: "My neighbour calumniated me at the tap." Jirani alikuwa amemzushia kwamba ameiba dumu lake pa robine. "Mwalimu, nimekosea wapi?" Sarufi haikuwa na kosa, na nilimwambia hivyo. Ila kisa chenyewe kilikuwa kimefichwa na neno: anayesoma anaona mahakama, haoni wamama wamepanga foleni ya maji. Tukaandika upya: "My neighbour told everyone I stole her jerrycan. It's a lie." Aliisoma mara mbili, na sauti yake ikapanda pale kwenye "lie". Sasa alikuwa anasema lililomuuma.

Dhana potofu: Kumsema mtu vibaya tu ni "calumniate".

Ukweli: Sharti uwepo uongo, na nia ya kumharibia jina. Kiswahili kinatusaidia sana hapa. Unaweza kumsengenya mtu kwa jambo la kweli kabisa. Kumsingizia kwa jambo la kweli haiwezekani. "Calumniate" liko upande wa kusingizia. Kwa masengenyo, "gossip about" inatosha.

Dhana potofu: "Calumniate" hufuatwa na "about" au "against".

Ukweli: Hapana. "Calumniate someone", basi. Liandike kwa u, si kwa o ya Kifaransa, na mkazo uwe kwenye silabi ya pili.

Dhana potofu: "Slander" na "libel" ni kitu kimoja.

Ukweli: Katika sheria ya Uingereza, "slander" ni kashfa ya mdomo, "libel" ni ya maandishi. Mazungumzoni watu husema "slander" kwa zote mbili, na mimi siwasahihishi.

Je, "calumniate" tulitupe? La. Kwenye makala au hotuba ya kumtetea aliyesingiziwa hadharani, lina uzito wake. Yule mama amelihifadhi kwenye daftari lake, ukurasa wa barua rasmi.