Magitaa ya Boston si sinthesaiza

Juzi tena nimeambiwa, kwa kujiamini kabisa, kwamba magitaa ya Don't Look Back, albamu ya pili ya Boston, bendi ya roki ya Marekani, "ni sinthesaiza zile", yaani ala za kielektroniki zinazounda sauti kwa saketi. Nimechoka kulijibu hili mdomoni, acha niliandike. Bendi ilitamka kwenye majalada yake kwamba haikutumia sinthesaiza. Tom Scholz, mpiga gitaa na kiongozi wa bendi aliyeusuka sehemu kubwa ya muziki ule, ni mhandisi aliyesoma MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, na kufanya kazi Polaroid, kampuni ya kamera. Albamu ilitoka Agosti 1978, nyimbo 8, ikashika namba moja Marekani. Hayo yanajulikana.

Kinachowachanganya watu ni ule unene. Wanasema gitaa moja haliwezi kusikika vile, na hapo wamesema kweli, maana si moja. Sehemu ileile hupigwa upya toka mwanzo hadi mwisho kwenye traki nyingine, yaani safu nyingine ya kurekodia, kisha moja inawekwa kushoto na nyingine kulia. Nimesema hupigwa upya. Hainakiliwi! Vijana wanachukua traki moja, wananakili, wanabandika, wanaisukuma nakala kulia, halafu wananiuliza mbona haijapanuka. Itapanukaje? Mawimbi mawili yanayofanana kabisa sikio huyaweka katikati, yamepanda sauti tu. Ukiichelewesha nakala kidogo utapata upana, lakini subiri wimbo upigwe kwenye simu yenye spika moja: baadhi ya masafa yanafutana, na gitaa linasikika kama limo ndani ya bomba. Mkono wa mtu haurudii sawasawa. Kamba hii imeguswa mapema kidogo, ile imevutwa juu kidogo, na tofauti hiyo inabadilika noti kwa noti. Upana unatoka hapo.

Kwenye solo gitaa la pili linaingia na harmoni, na asiyezoea anadhani ni kinanda. Katika wimbo The Journey ogani ipo kweli, lakini ogani nayo si sinthesaiza. Chukua Hammond za kizamani, ogani za umeme: ndani mna magurudumu ya chuma yanayozunguka mbele ya sumaku na koili. Ni mashine inayozunguka.

Vitabu vitakutajia idadi ya tabaka za kurekodi. Mimi siiamini sana. Nimesikia traki nne zikiuzika kabisa mguso wa kamba, na mbili zikasimama imara. Wala sijapata maelezo ya kuniridhisha kwa nini wapigaji wawili hodari mara nyingi hawaungani vizuri kama mmoja anayejirudia mwenyewe.

Scholz amelalamika hadharani kwamba kampuni ya rekodi ilimharakisha kwenye albamu hii. Ya tatu ilikuja 1986. Anaweza kuwa sahihi kuhusu nyimbo za upande wa pili wa sahani. Magitaa ya wimbo A Man I'll Never Be siyaoni yakiwa na haraka yoyote. Ukitaka ya kwako yasikike hivyo, lipia saa za kutosha studio, kwa sababu utaipiga sehemu nzima tena, na ukikosea katikati tunaanza upya.