Nani Amemtungia Mgonjwa Mtihani wa Kukubali?

Nimeambiwa tena wiki hii, kwa sauti ya chini, nje ya mlango wa chumba cha mgonjwa: "Sista, mzee bado hajakubali," yaani hajakubali kwamba anakufa. Maneno hayo nayasikia Moshi nzima, kwa ndugu, kwa wazee wa kanisa, kwa wanafunzi wa uuguzi na hata kwa madaktari walionizidi elimu, na kila mara husemwa kana kwamba mtu aliyebakiza majuma machache ana mtihani wa taifa mbele yake na sisi wazima ndio wasahihishaji. Kazi yangu ni tiba shufaa, yaani kuwatuliza na kuwahudumia wagonjwa ambao ugonjwa wao hauponi, kwa sehemu kubwa majumbani, na naomba leo niimalize hasira yangu kwa maandishi ili kesho nisiimalizie kwa ndugu wa mtu.

Chanzo cha mtihani huo kinajulikana. Mwaka 1969 Elisabeth Kübler-Ross, daktari wa magonjwa ya akili mzaliwa wa Uswisi aliyefanya kazi Chicago, alieleza hatua tano alizoziona kwa wagonjwa wanaokaribia kufa: kukana, hasira, kubembeleza ili aongezewe muda, sonona (huzuni nzito iliyo ugonjwa) na kukubali. Tulizikariri chuoni, tukazijibia, tukafaulu. Ambacho hakikukaririwa ni kwamba yeye mwenyewe aliandika kuwa hatua hizo huweza kuwapo kwa pamoja, na kwamba tumaini kwa kawaida hudumu katika zote. Sina ugomvi naye hata kidogo, kwa sababu aliketi na wagonjwa akawauliza wenyewe katika zama ambazo, kwa mujibu wa utafiti uliofanywa katika hospitali moja ya huko huko Chicago na kuchapishwa mwaka 1961, takriban asilimia 90 ya madaktari walipendelea kutomwambia mgonjwa kwamba ana saratani. Ugomvi wangu ni na sisi tuliochukua maelezo yake tukayafanya ratiba.

Mzee mmoja wa upande wa Kibosho, mwenye saratani ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, ugonjwa ambao huku Kaskazini tunauona mno, alikuwa amefikia kumeza uji mwembamba tu, tena kwa kijiko. Siku moja nikiwapo alimwita mwanawe, akamwonyesha kwa fimbo mahali atakapozikwa kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani, karibu na kaburi la mkewe lakini mbali kidogo na mparachichi, maana mizizi ingewasumbua wachimbaji. Hazikupita dakika nyingi akanigeukia na kuniuliza kama mvua za Machi zingemkuta na nguvu za kupanda miche mipya ya kahawa, ambayo kila mkulima wa huku anajua kwamba huchukua miaka kama mitatu kabla ya kuzaa vizuri. Mwana, aliyekuwa amekuja kutoka Dar es Salaam, akanivuta pembeni. "Umesikia mwenyewe, sista. Baba anakana." Nilimwuliza ni mtu gani anayekana kifo huku akipima umbali wa kaburi lake kutoka kwenye mparachichi. Hakunijibu, na sikumlaumu, kwa kuwa naye alikuwa na mzigo wake.

Mzee hakuwa amechanganyikiwa wala hakuwa akijidanganya. Avery Weisman, daktari wa akili wa Boston, alieleza jambo hili tangu mwaka 1972: mgonjwa huweza kukaa kati ya kujua na kutojua, akalitazama jambo lenyewe kwa muda, kisha akaliacha, hasa pale hali inapogeuka, kwa mfano ugonjwa unaporudi au nguvu zinapoanza kushuka. Kwa uzoefu wangu, kuingia na kutoka huko ndiko kunakomwezesha mtu kustahimili. Hakuna anayeweza kufikiria kaburi kuanzia chai ya asubuhi hadi taarifa ya habari, na anayejaribu kumshikilia mgonjwa hapo hapo kwa jina la kumsaidia akubali anamnyang'anya mapumziko pekee aliyo nayo.

Wanaotaka ushahidi wa namba wasome kazi ya Harvey Chochinov na wenzake wa Winnipeg, Kanada, iliyochapishwa mwaka 1999. Wagonjwa wa saratani waliokuwa karibu na kufa waliulizwa mara mbili kwa siku kuhusu nia yao ya kuishi, na nia hiyo ilionekana kupanda na kushuka sana hata ndani ya saa 12. Mambo yaliyoambatana nayo yalikuwa sonona, wasiwasi, kukosa pumzi na jinsi mtu anavyojisikia kwa jumla. Kwa hiyo mama anayesema saa nne asubuhi kwamba amechoka, Mungu amchukue, kisha saa kumi jioni akaomba mtori wenye nyama, hajapanda hatua wala hajashuka. Pengine pumzi imetulia tu. Kuhusu morfini ya maji, dawa ya maumivu makali, nitasema kwa kifupi, kwa kuwa nimelisema hili hadi nimechoka: ikitolewa kwa kipimo sahihi haimmalizi mtu, na asiyetulizwa maumivu msimsomee habari za amani ya moyo.

Kuna upande wa pili wa kosa hili, nao ni wa wale wanaodhani kwamba dawa ya ukimya ni kumwaga ukweli wote kwa wakati mmoja. Wanasosholojia Glaser na Strauss, walipochunguza hospitali za eneo la San Francisco na kuchapisha matokeo yao mwaka 1965, walieleza hali ambayo mgonjwa na wanaomhudumia wote wanajua, na wote wanajifanya hawajui. Naikuta hapa kila mara: mke anamwambia mumewe kwamba Krismasi watakuwa wote, mume anaitikia "Amina," kisha mke akienda jikoni mume ananiuliza nani atamlipia mtoto wa mwisho ada na nani atamsafisha yeye atakaposhindwa kwenda chooni. Wachache huniuliza kuhusu kifo chenyewe. Huuliza kama watakosa hewa, kama watakuwa mzigo, kama deni la kikundi litamwangukia mke. Hayo yana majibu. Lakini yupo pia asiyetaka kuambiwa lolote, na huyo ninamwuliza angependa nizungumze na nani kwa niaba yake, basi.

Ninapokwama ni kwenye sonona. Dalili tulizofundishwa, yaani kukosa usingizi, kukosa hamu ya kula, kukonda na kuchoka, saratani yenyewe inazileta zote, hivyo nalazimika kuangalia kama mtu ameacha kufurahia hata wajukuu, kama anajiona hana thamani, kama anajihukumu. Hata hivyo, mbele ya mzee aliyegeukia ukutani na hazungumzi, mara nyingi sijui kama nimeona ugonjwa unaotibika au mtu anayeaga kwa namna yake, na vitabu vinavyosema tofauti hiyo iko wazi naviona vimeandikwa mbali na kitanda.

Siku za mwisho zina kosa lake jingine. Mgonjwa anaanza kuhangaika, anavuta shuka, anataka kushuka kitandani, anataja watu wasiokuwapo, na nyumba nzima inakubaliana kwamba anapigana na mauti kwa sababu hajakubali au kuna mtu hajamsamehe. Inawezekana ana jambo moyoni. Mara nyingi, hata hivyo, anaweweseka kwa sababu ya mwili: maambukizi, choo kigumu cha siku nyingi, dawa, au kibofu kilichojaa mkojo usiotoka. Kabla hamjamtafuta shangazi aliyekosana naye, mwiteni muuguzi apapase tumbo chini ya kitovu, na ikihitajika aweke mpira wa mkojo. Maombi yanaweza kuendelea chumba cha pili wakati huo huo.