Kiaroskuro: mwanga unaotengenezwa na kivuli

Kiaroskuro ni neno la Kiitalia lililounganisha "angavu" na "giza". Kwa mchoraji, maana yake ni kupanga sehemu zenye mwanga na zenye kivuli hadi vitu vilivyo juu ya turubai bapa vionekane vina unene, kana kwamba unaweza kuvishika.

Wengi wakilisikia humkumbuka Caravaggio, mchoraji wa Kiitalia ambaye watu wake huchomoza kutoka kwenye giza totoro. Lakini kwa mambo ya nyumbani, mwalimu wangu ni Johannes Vermeer, mchoraji wa Delft, Uholanzi. Itazame picha yake ya mtumishi anayemimina maziwa, aliyoichora mwaka 1660 hivi na ambayo sasa iko katika jumba la makumbusho la Rijksmuseum, Amsterdam. Ni jiko tu: dirisha kushoto, mikate mezani, mwanamke na mtungi wake. Picha yenyewe haifiki hata nusu mita kwa nusu mita.

Siri iko ukutani. Mtu angedhani ukuta wa nyuma unang'aa zaidi pale ulipo jirani na dirisha. Kumbe pale ndipo penye kivuli, kwa kuwa mwanga unaingia kwa mshazari na kuipita pembe hiyo. Vermeer akaitumia nafasi hiyo vizuri: ubavu wa mwanamke unaopigwa na nuru ameuweka mbele ya ukuta wenye kivuli, na ubavu wenye kivuli mbele ya ukuta mweupe. Ndiyo maana anajitokeza pande zote mbili. Hata hivyo hakuridhika. Upande wa kulia akamzungushia mstari mwembamba mweupe, ambao jikoni halisi usingeuona kamwe.

Wanaoanza hukimbilia kopo la rangi nyeupe. Ukuta "mweupe" wa chumbani, ukiutazama vizuri, una kijivu, kahawia, hata manjano, na weupe kamili unatosha kwa sehemu chache tu: ukingo wa bakuli, vitone juu ya ganda la mkate. Finya macho mpaka vitu vipoteze majina yao na yabaki mabaka ya mwanga na giza. Chora hayo kwanza, sufuria itafuata.

Na kabla ya kuchora jikoni kwako mchana, zima taa ya dari. Ikiwaka pamoja na mwanga wa dirisha, kila kikombe kitakuwa na vivuli viwili vinavyogombana.