Maalim Seif na maridhiano: yanayosemwa na yaliyotokea

Upinzani wa Tanzania ukianza kubishana kama kuzungumza na serikali ni busara au ni usaliti, haupiti muda kabla jina la Maalim Seif Sharif Hamad, aliyeuongoza upinzani wa Zanzibar kwa miaka mingi, halijatajwa. Kila upande una Maalim wake. Kwa wengine ni mpatanishi asiyechoka, kwa wengine ni mzee aliyelambishwa asali. Alifariki Februari 17, 2021, na tangu hapo maneno yamezidi huku kumbukumbu zikipungua. Baadhi ya maneno hayo yanamdhulumu, na tarehe zenyewe zinatosha kuyakanusha.

"Alikubali serikali ya pamoja kwa sababu ya cheo"

Cheo Maalim alikuwa nacho tangu zamani. Februari 1984, akiwa na umri wa miaka 40, alikuwa Waziri Kiongozi wa Zanzibar. Aliondolewa Januari 1988, CCM ikamfukuza uanachama Mei mwaka huohuo pamoja na wenzake, na Mei 1989 akakamatwa. Alitoka mahabusu Novemba 1991. Angekuwa anatafuta kiti tu, njia fupi ilikuwa kuomba radhi na kurudi kundini.

Ushahidi mkubwa zaidi ni wa 2015. Oktoba 28 mwaka ule Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, Jecha Salim Jecha, aliufuta uchaguzi mzima. Siku hiyo Maalim alikuwa bado Makamu wa Kwanza wa Rais, nafasi ya chama cha pili kwa kura katika serikali ya pamoja, aliyoishika tangu 2010. Akakaa vikao Ikulu na Rais Ali Mohamed Shein na marais wastaafu. Vikao viliposhindwa, Januari 2016 alitoka mbele ya waandishi wa habari na kueleza kwamba chama chake, CUF, hakitashiriki marudio. Angeshiriki yale marudio ya Machi 20, hata kwa kushindwa, kiti cha Makamu kingemsubiri. Alikataa. Shein akatangazwa mshindi kwa asilimia 91.4, na kiti hicho kikabaki wazi hadi Desemba 2020. Anayesema mtu huyu alikuwa mroho wa madaraka anapaswa kwanza aieleze miaka hiyo karibu mitano.

"Maridhiano ya 2009 yalikuwa siri ya watu wawili"

Kuna ukweli ndani yake. Novemba 5, 2009, Maalim Seif na Rais wa Zanzibar, Amani Abeid Karume, walipokutana Ikulu ya Zanzibar, wanachama wengi wa pande zote mbili, CUF na CCM, walisikia habari hiyo kama walivyoisikia majirani. Kwa CUF lilikuwa jambo zito mno. Chama kilikuwa hakimtambui Karume kama rais halali tangu uchaguzi wa 2005. Kilikuwa na majeraha ya Januari 2001, watu walipouawa kwa risasi katika maandamano ya Pemba na Unguja na wengine wapatao elfu mbili wakakimbilia Shimoni, Kenya. Muafaka wa 1999 na ule wa Oktoba 2001, makubaliano kati ya CCM na CUF, ilikwishasainiwa, na wafuasi wakaona mengi hayatekelezwi. Leo unawaendea watu hao na kuwaambia tumtambue Karume?

Ndivyo alivyofanya. Siku chache baada ya mkutano wa Ikulu alipanda jukwaani Kibandamaiti, Unguja, mbele ya watu wake mwenyewe, akasema CUF inamtambua Karume. Uwanja ulipiga kelele za kupinga. Wapo walioondoka kwa hasira. Hakumtuma msemaji, wala hakusubiri magazeti yaandike kisha alalamike kwamba amenukuliwa vibaya. Alisimama pale, na baadaye akaenda kuyarudia hayohayo kwingine, Pemba ikiwemo, ambako hasira ilikuwa na sababu zaidi.

Wanaosimulia habari ya watu wawili huliruka lililofuata. Januari 2010 Baraza la Wawakilishi lilipitisha hoja ya maridhiano, na Julai 31 wananchi wakapiga kura ya maoni juu ya serikali ya pamoja: asilimia 66.4 walisema ndiyo. Theluthi moja walisema hapana, nao walikuwamo katika vyama vyote viwili. Katiba ikabadilishwa baada ya hapo, na uchaguzi wa Oktoba 2010 ukapita kwa amani ambayo Zanzibar haikuwa imeiona tangu vyama vingi virudi. Jambo lililoanza faraghani liliishia mikononi mwa wapiga kura. Ndiyo maana nasema tofauti ya Maalim na viongozi wengi wa upinzani waliomfuata haikuwa katika kukutana na mtawala. Ilikuwa katika kurudi kwa watu na kukubali kuzomewa.

"CUF ilikuwa Hizbu, na Maalim alitaka kuwarudisha Waarabu"

Kwa wasomaji walio mbali na visiwa: Hizbu ni chama cha kabla ya Mapinduzi ya Januari 1964, kilichokuwa katika serikali iliyopinduliwa. Maalim wakati huo alikuwa kijana wa miaka 20. Hata hivyo jina hilo lilimfuata maisha yake yote, jukwaani, redioni, na kwenye ubao wa maskani ya Kisonge, kijiwe cha wafuasi wa CCM pale Michenzani, ambako maneno makali dhidi ya wapinzani yaliandikwa mchana kweupe. Januari 12, 2016, katika sherehe za Mapinduzi, vijana wa CCM walipita na bango la kuwaita wapinzani machotara wa Hizbu na kusema Zanzibar ni nchi ya Waafrika. CCM yenyewe ililazimika kuomba radhi.

Ukweli wa sera ni mwingine kabisa. CUF iliongozwa kwa miaka mingi na Profesa Ibrahim Lipumba, mchumi wa Tabora, aliyegombea urais wa Muungano mara tano. Alichodai Maalim kuhusu Muungano ni muundo tofauti: kwanza serikali tatu (ya Tanganyika, ya Zanzibar na ya Muungano), baadaye muungano wa mkataba na Zanzibar yenye mamlaka kamili. Unaweza kuupinga muundo huo kwa hoja nzito, na wengi waliupinga. Lakini serikali tatu zilipendekezwa pia na tume ya Jaji Joseph Warioba mwaka 2013, na hakuna aliyemwita Warioba Hizbu.

Hapa kuna jambo ambalo wapenzi wa Maalim, nami nikiwamo, hatupendi kulitaja. Rais wa Zanzibar Aboud Jumbe alipolazimika kujiuzulu Januari 1984 kwa sababu ya suala hilohilo la muundo wa Muungano, Seif alikuwa upande wa waliompinga. Alibadilika. Katika siasa za kwetu mtu akibadili msimamo huitwa kigeugeu, na huo ndio mwisho wa mjadala. Mimi naona swali la haki ni je, msimamo mpya ulimgharimu au ulimnufaisha? Wa kwanza ulimpa uwaziri kiongozi. Wa pili ulimpa mahabusu.

"Vyombo vya habari ndivyo vilivyommaliza"

Televisheni Zanzibar na Sauti ya Tanzania Zanzibar zilikuwa za serikali, na waangalizi wa kimataifa, uchaguzi baada ya uchaguzi, waliandika kwamba zinakibeba chama tawala. Gazeti huru la Dira lilifungiwa Novemba 2003. Mazingira yalikuwa magumu, sikatai. Lakini tazama kura zilizotangazwa: 1995, Salmin Amour asilimia 50.2, Seif 49.8. Mwaka 2010, Shein kura 179,809, Seif 176,338. Redio iliyomshambulia kwa miaka 15 haikumpunguzia watu kiasi cha kuonekana. Barza, mkutano wa hadhara na safari za vijijini zilifika mahali ambapo taarifa ya habari ya saa mbili usiku haikufika. Ugomvi wake mkubwa ulibaki na Tume ya Uchaguzi, na hapo ndipo alipoelekeza nguvu zake.

"Desemba 2020 alisalimu amri"

Hili ni gumu zaidi, na siwalaumu walioumia. Uchaguzi wa Oktoba 2020 ulikuwa na damu Pemba, yeye mwenyewe alikamatwa, na viongozi wenzake walipigwa. Matokeo yalimpa asilimia 19.87. Chini ya wiki sita baada ya hapo ACT-Wazalendo, chama alichohamia baada ya kutoka CUF, kilitangaza kuingia serikalini, na Desemba 8 akaapishwa tena kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais. Safari hii hapakuwa na kura ya maoni, na muda wa kuzunguka kueleza ulikuwa mfupi mno. Nadhani chama kingewasikiliza kwanza waliofiwa.

Lakini kusalimu amri ni pamoja na kunyamaza, naye hakunyamaza. Mwishoni mwa Januari 2021, wakati serikali ya Muungano ikisisitiza kwamba Tanzania haina korona, na magazeti mengi yakilikwepa neno lenyewe, ACT-Wazalendo ilitoa taarifa kwamba Makamu wa Kwanza wa Rais na mkewe wamepimwa na kukutwa nayo. Alikuwa ndani ya serikali kwa chini ya miezi miwili, na chama chake kilisema hadharani lile ambalo viongozi wengine walilizunguka.