Waraukaji: kipindi cha saa kumi alfajiri

Wanafunzi wangu wa ufundi mitambo wakinikuta nasikiliza rekodi chakavu za Kihispania huniuliza, "Mwalimu, kwani unaelewa wanachoimba?" Maneno mawili matatu tu. Mimi nilivutwa na saa. Kipindi cha redio cha Pedro J. González, mwimbaji wa Kimexico kule Los Angeles, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1920, kilianza saa kumi alfajiri na kwisha saa kumi na mbili. Nimefanya zamu za usiku kwenye chumba cha mitambo miaka mingi, na saa kumi ni saa ya kupigana na usingizi. Nani anapiga gitaa hewani saa hiyo, na nani anamsikiliza?

Jibu limo kwenye daftari la mhasibu. Redio za California wakati huo zilikuwa za wenye Kiingereza chao. Muda wa jioni, familia zikiwa zimeketi sebuleni, uliuzwa ghali kwa wenye bidhaa. Alfajiri haikuwa na mnunuzi, basi iliuzwa kwa bei ya kutupa kwa madalali. Dalali alichukua saa zake mbili, akazunguka kwenye maduka ya mtaa kutafuta matangazo, kisha akajaza nafasi iliyobaki kwa lugha ya wahamiaji. Aliyefanya kazi kwenye redio zetu anaujua mpango huu: mhubiri au mganga wa tiba asili analipia muda wake, anaondoka, na kituo hakiulizi zaidi maadamu pesa imeingia.

Kituo chenyewe kilikuwa KELW, Burbank, na herufi tatu za mwisho ni za mwenye mali, Earl L. White, aliyekuwa akiuza viwanja maeneo hayo. Kwake saa kumi alfajiri ilikuwa makapi. Kwa Mmexico wa Los Angeles ilikuwa saa ya kuamka. Mchuma machungwa, mfyatua matofali, kuli wa bandarini, mtandika reli, wote walikuwa jikoni wakingoja kahawa ichemke, na redio ikiimba kwa lugha ya mama zao. González na ndugu wa ukoo wa Sánchez walijiita Los Madrugadores, yaani wanaoamka alfajiri. Watu wa pwani tuna kitenzi kinachokaa hapo bila kulazimishwa: kurauka. Waraukaji.

Kuna jambo jingine ambalo mhasibu hakulijua. Mchana, tabaka la chini la anga lenye chembe za umeme hunyonya mawimbi ya masafa ya kati, kwa hiyo kituo husikika pale kinapofika kwa kutambaa ardhini tu. Jua likizama tabaka hilo hufifia, mawimbi yanapanda juu zaidi, yanagonga tabaka la pili na kurudi chini mamia ya kilomita mbali. Ndiyo sababu zamani, ukiwa na redio ya mbao kijijini, usiku ulinasa vituo ambavyo mchana huvipati hata ukipanda juu ya mwembe. Kabla jua halijachomoza hali ni hiyohiyo. Wale madalali waliuziwa masalio, kumbe ndani yake mlikuwa na saa ambazo mtambo ule ule, kwa umeme ule ule, ulikuwa na uwezo wa kufika mbali kuliko mchana.

González hakuzaliwa redioni. Alizaliwa jimbo la Chihuahua mwaka 1895, na mapinduzi ya Mexico yalipolipuka alikuwa kijana wa telegrafu, akaishia kuwa mpiga telegrafu wa Pancho Villa, jemadari wa mapinduzi hayo. Mwenyewe alisimulia kwamba aliwahi kusimamishwa mbele ya bunduki na kuokolewa na watoto wa shule, na kwamba mmoja wa mabinti hao, Maria, baadaye alikuwa mkewe. Miaka ya 1920 alihamia Los Angeles na kubeba mizigo bandarini, huku akiimba. Koo likamtoa bandarini.

Mdororo wa uchumi ukaja, na Wamexico wakaanza kulaumiwa kwa ukosefu wa kazi. Tarehe 26 Februari 1931 maofisa wa uhamiaji waliizingira bustani ya La Placita, katikati ya jiji, wakawazuia watu wapatao 400 na kuwadai hati. Treni za kuwarudisha Mexico zilijaa. Katika miaka ile waliondoka mamia ya maelfu, wengi wao raia waliozaliwa Marekani hiyohiyo. Jimbo la California liliomba radhi kwa sheria mwaka 2005.

González aliyasema hayo hewani. Hapa ndipo mimi, mtu wa mitambo, napata kizunguzungu, maana alikuwa akiishambulia serikali ya mji kwa saa za kukodi, ndani ya jengo la mtu, kupitia mnara wa mtu, chini ya leseni ya mtu. Wakubwa wa mji walitaka sauti hiyo izimwe, na mwendesha mashtaka mkuu wa wilaya, Buron Fitts, alikuwa mmoja wao. Mwaka 1934 González alishtakiwa kwa ubakaji na kuhukumiwa kifungo cha mwaka 1 hadi 50 katika gereza la San Quentin. Msichana aliyetoa ushahidi aliukana baadaye. Kesi haikusikilizwa upya. Maria na wasikilizaji walichangisha na kupiga kelele, serikali ya Mexico ikaingilia, na mwaka 1940 akaachiwa, kisha akafukuzwa nchini papo hapo.

Huwa namweka kando ya mtu mwingine ambaye wenzangu wa redio hawamtaji kabisa, Raoul A. Cortez wa San Antonio, Texas. Naye mzaliwa wa Mexico, naye alianza kwa kununua muda kwenye kituo cha wengine, KMAC. Lakini Cortez alikuwa mfanyabiashara hadi kwenye mifupa. Mwaka 1944, leseni zikiwa zimebanwa na vita, aliomba ya kwake kwa hoja kwamba atawahamasisha Wamexico wa Marekani kuunga mkono vita. Hoja gani ingewashinda maofisa kuliko hiyo? Mwaka 1946 KCOR ikaingia hewani, Kihispania kutwa, mchana kweupe. Mwaka 1948 akawa rais wa taifa wa LULAC, chama cha kutetea haki za watu wenye asili hiyo, na mwaka huohuo kesi ya Delgado ilipiga marufuku kuwatenga watoto wa Kimexico katika shule za Texas. Mwaka 1955 alianzisha televisheni kwenye UHF, masafa ambayo seti nyingi za wakati huo hazikuweza kuyanasa bila kifaa cha kuongezea. Alihangaika nayo miaka sita akaiuza. Mtandao wa televisheni ya Kihispania uliokuja kuitwa Univision ulianzia kwenye kituo hicho.

Wanafunzi hupenda kunilazimisha nichague nani mkubwa kati ya hao wawili. Nawaambia waende kwanza wakasome masharti ya leseni, ukurasa kwa ukurasa, halafu tuongee.

González alipovushwa mpaka hakwenda mbali. Alikaa Tijuana, akawakusanya tena Waraukaji, akatangaza huko kwa miaka kama 30. Kutoka Tijuana hadi Los Angeles ni kilomita 200 hivi, umbali ambao masafa ya kati huumaliza alfajiri bila jasho. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 aliruhusiwa kurudi California na Maria, na alifariki huko mwaka 1995, akikaribia kutimiza miaka 100.