Barua ya ajira si mlango wa ukaazi wa Kanada: dhana potofu ninazosikia kutoka kwa waombaji

Kwa miaka kadhaa sasa kazi yangu ni kuwashauri wataalamu kutoka Afrika Mashariki wanaoomba ukaazi wa kudumu wa Kanada kupitia Express Entry, yaani mfumo wa mtandaoni unaowapanga watu kwa alama na kuwaalika wa juu waombe, na hasa mpango wa shirikisho wa wafanyakazi wenye ujuzi. Sheria zimebadilika mara nyingi katika kipindi hicho, lakini swali la kwanza ninaloulizwa limebaki lilelile: "Utanitafutia barua ya ajira?" Wiki iliyopita nimeulizwa mara nne, na mmoja wa waulizaji alikuwa tayari amekwisha kutoa fedha kwa mtu mwingine kabla ya kunifikia. Ndiyo maana nimeona niandike.

"Huwezi kupata ukaazi bila barua ya ajira kutoka Kanada"

Mpango wa wafanyakazi wenye ujuzi haukumtaka mwombaji awe na mwajiri Kanada hata ulipoingizwa ndani ya Express Entry mwezi Januari 2015. Kuanzia Novemba 2016 barua halali ya ajira iliongeza alama 50 katika CRS, kipimo kinachowapanga waliomo katika mfumo huo, au 200 kwa vyeo vya juu kabisa vya uongozi, na ongezeko hilo ndilo lililozaa soko la barua. Tarehe 25 Machi 2025 serikali ya Kanada iliziondoa alama hizo zote, kwa sababu iliyotajwa waziwazi, yaani kupunguza udanganyifu wa watu kununua ajira. Barua bado ina nafasi yake katika kipimo kidogo cha kuingilia, kinachohitaji alama 67 kati ya 100, ambako hutoa alama 10, lakini katika ushindani wenyewe wa kupata mwaliko haiongezi hata alama moja. Pamoja na hayo, madalali wa Nairobi na Dar es Salaam wanaendelea kuiuza kana kwamba hakuna kilichotokea.

Nataka hili lieleweke vizuri, kwa sababu watu wanauza mashamba. Barua ambayo mtu yeyote aliyeko Kanada ameiandika na kuipiga muhuri haitoshi. Kwa kawaida mwajiri hutakiwa kwanza kupata tathmini ya soko la ajira, ile inayojulikana kama LMIA, kuthibitisha kwamba amemtafuta mfanyakazi ndani ya nchi akamkosa. Ada ya ombi hilo ni dola 1,000 za Kanada kwa kila nafasi, na hulipwa na mwajiri, ambaye sheria inamkataza kumrudishia mfanyakazi mzigo huo kwa njia yoyote. Kwa hiyo mtu anayekudai fedha ili akupatie LMIA, ama anakuuzia karatasi isiyokuwapo, ama anakushirikisha katika kosa la jinai. Na karatasi ya uongo ikiingia katika ombi lako, anayeadhibiwa ni wewe: kifungu cha 40 cha sheria ya uhamiaji ya Kanada kinamfungia mtu aliyetoa taarifa za uongo kwa miaka mitano, na dalali hatakuwapo kukujibia barua ya ofisa.

Mwaka jana alinijia mhasibu mmoja wa Mombasa aliyekuwa ameuziwa mbuzi kwenye gunia kwa namna hiyo. Alikuwa na miaka 29, hajaoa, ana shahada ya kwanza na uzoefu wa miaka mitatu kazini. Fedha za kiwanja cha urithi zilikuwa zimekwenda kwa barua ya kampuni ambayo anwani yake, tulipoitafuta pamoja, ilikuwa nyumba ya kuishi. Kwa bahati ilikuwa haijatumwa popote. Nilipomuuliza matokeo yake ya IELTS, mtihani wa Kiingereza, alinijibu kwamba hajafanya mtihani, kwa kuwa dalali alimwambia lugha itashughulikiwa mwishoni.

Hapo ndipo uvumilivu wangu unapokwisha, kwa sababu lugha ndiyo yenye uzito kuliko vyote, na hesabu inalionyesha hilo bila kubishaniwa. Kijana huyo angepata 6.0 katika kila sehemu ya IELTS, ambayo ni CLB 7 katika ngazi za lugha za Kanada, yaani kiwango cha chini kinachokubaliwa, kipimo cha kwanza kingempa alama 16 za lugha, 21 za shahada, 12 za umri na 11 za uzoefu. Jumla ni 60, na kinachohitajika ni 67. Asingeruhusiwa hata kuingia katika kundi la wanaosubiri. Akifikisha CLB 9, ambayo katika IELTS ni 8.0 ya kusikiliza na 7.0 katika kusoma, kuandika na kuzungumza, jumla inakuwa 68 na mlango unafunguka, bila mwajiri, bila ndugu Kanada, bila dalali.

Katika CRS tofauti ni kubwa zaidi. Alama za lugha zenyewe hupanda kutoka 68 hadi 124, lakini wengi hawajui kwamba lugha pia huzidisha thamani ya elimu na uzoefu: shahada ya kwanza iliyokuwa ikikuongezea alama 13 ukiwa na CLB 7 huongeza 25 ukiwa na CLB 9, na uzoefu wa nje wa miaka mitatu uliokuwa ukiongeza 25 huongeza 50. Ukijumlisha yote, mhasibu wetu anatoka 336 hadi 429. Ni alama 93, wakati barua aliyoiuzia kiwanja, hata ingekuwa ya kweli, na hata katika miaka ya mwisho ilipokuwa na thamani, ingempa 50.

Ushauri wangu, ambao wateja wangu wamechoka kuusikia, ni kwamba usimlipe mtu yeyote hata senti kabla hujafanya mtihani wa lugha. Ukichagua IELTS, ufanye ule wa General Training, si Academic, kwani huo wa pili haupokelewi katika Express Entry. Ukikwama kwenye kuandika, kama wanavyokwama wengi waliosoma kwa Kiingereza maisha yao yote na kwa hiyo wakaona hawana haja ya mazoezi, rudia. Ukihitaji msaada wa kulipia, mlipe mwanasheria aliyesajiliwa huko au mshauri mwenye leseni ya College of Immigration and Citizenship Consultants, ambaye jina lake utalikuta katika orodha yao ya wazi mtandaoni. Kufungua wasifu wa Express Entry ni bure. Ada ya serikali, ambayo Aprili 2024 ilipandishwa hadi dola 1,525 kwa mwombaji mkuu, huja baada ya mwaliko.

"Nimefikisha alama 67, kwa hiyo nimefuzu"

Hapa watu wanachanganya vipimo viwili. Alama 67 kati ya 100 zinakuruhusu kuingia. Baada ya kuingia unapangwa upya kwa CRS, yenye alama 1,200, na wanaoitwa ni wale wa juu. Katika awamu za jumla za mialiko za miezi minne ya kwanza ya 2024 kila kikomo, yaani alama za chini kabisa za walioalikwa, kilipita 520, kwa hiyo simdanganyi mtu kwamba 429 zinatosha kukaa na kusubiri simu. Uteuzi wa jimbo huongeza alama 600 na humaliza mashindano, ila kila jimbo lina masharti yake na orodha yake ya kazi.

Njia ninayoipigia debe zaidi ni Kifaransa. Tangu 2023 Kanada imekuwa na awamu maalumu kwa wanaokimudu kwa kiwango cha NCLC 7, ambacho kwa Kifaransa ni sawa na CLB 7, katika stadi zote nne, na vikomo vyake ni vya chini sana: 336 mwishoni mwa Februari 2024, na 379 katika awamu moja ya Machi 2025. Msomi wa Bukavu, Goma, Lubumbashi au Bujumbura aliyesoma kwa Kifaransa tangu shule ya msingi ananiuliza jinsi ya kupata barua ya ajira, na mimi namuuliza kwa nini hajafanya mtihani wa Kifaransa wa TEF Canada au TCF Canada. Kwa yule wa Mombasa au Arusha anayeanza kutoka sifuri, ni kazi ya mwaka mmoja au miwili ya kusoma kwa bidii, na inastahili: akifika kiwango hicho, Kifaransa humwongezea alama 62 juu ya Kiingereza chake, na zaidi ya hapo humhamishia kwenye foleni nyingine kabisa.

"Mimi ni meneja, cheo changu kinatosha"

Ofisa hasomi cheo. Anasoma majukumu, kisha anayalinganisha na maelezo ya kazi hiyo katika orodha rasmi ya Kanada, NOC. Barua ya mwajiri inayosema tu kwamba fulani alikuwa mtumishi mwaminifu na tunamtakia kila la heri haina thamani hapa. Inatakiwa itaje tarehe, majukumu, saa za kazi kwa wiki, mshahara na marupurupu. Iombe ungali kazini, kabla bosi anayekufahamu hajahama na kabla hamjakosana. Kazi ya kujitolea isiyo na malipo haihesabiwi hata ingechukua miaka kumi.

"Nimevuka miaka 35, nimechelewa"

Umepungukiwa, hujachelewa. Mwombaji asiye na mwenzi hupata alama 110 akiwa na miaka 20 hadi 29, 77 akiwa na 35, na 50 akiwa na 40. Zinaisha kabisa afikapo 45. Pengo la alama 33 kati ya 29 na 35 ni dogo kuliko lile la lugha nililolieleza hapo juu.

"Nikipata ukaazi nitaanza kazi ya uuguzi mara nikitua"

Ukaazi ni ruhusa ya kuishi na kufanya kazi, na leseni ya uuguzi, udaktari au ufamasia hutolewa na bodi ya jimbo husika. Hata tathmini ya shahada unayofanya kwa ajili ya uhamiaji, ambayo ni lazima hata kama chuo chako kinasifika na ambayo hudumu miaka mitano, si leseni. Anzeni mchakato wa leseni mkiwa bado nyumbani.

"Fedha za benki nitakopa wiki moja, kisha nirudishe"

Barua ya benki inatakiwa ionyeshe wastani wa salio kwa miezi sita pamoja na madeni yako. Kiasi kinachotakiwa hubadilika kila mwaka. Kuanzia Julai 2025 kilikuwa zaidi ya dola 15,000 za Kanada kwa mtu mmoja, na hupanda kadiri familia inavyokuwa kubwa.

"Mtoto ambaye hatasafiri nami sihitaji kumtaja"

Kupanda huko kwa kiasi ndiko kunakowashawishi wengine kuficha watoto, na wengine huficha kwa sababu ya nyumbani, kwa kuwa mke hajui kuhusu mtoto aliyezaliwa kabla ya ndoa. Kila mtoto wako aliye chini ya miaka 22 na hajaoa au kuolewa lazima atajwe na apimwe afya, hata kama anaishi na mama yake Tanga na hana mpango wa kuondoka. Hesabu ya fedha nayo humjumuisha hata asiposafiri. Asipotajwa, kwa kawaida hupoteza haki ya kudhaminiwa na wewe baadaye, na ombi lako lenyewe linaingia katika kifungu kilekile cha 40. Nimewahi kukaa na baba aliyekuja kuniuliza jinsi ya kumleta binti yake wa miaka tisa baada ya kupata ukaazi, na ilinibidi nimwambie kwamba jina la mtoto huyo lilipaswa kuandikwa katika fomu aliyoitia sahihi miaka mitatu iliyotangulia.